Mbegu bora haitoshi: Funzo la Kitale na Bungoma kwa wabunifu

WABUNIFU wengi wa bidhaa huanza na umbo, rangi na jina, kisha ndipo wamtafute mtumiaji. Historia ya kilimo cha mahindi katika maeneo ya Kitale na Bungoma yaonyesha kwamba mtumiaji ndiye apasaye kutangulia.

Mwaka wa 1964, watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, iliyotokana na kuoanisha mahindi ya eneo hilo na aina nyingine kutoka Ecuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mjini humo mwaka wa 1956, ikaiuza. Ufanisi wake shambani haukuwa na shaka.

Hata hivyo, chotara ina sharti lake. Punje zake zikipandwa tena msimu unaofuata, mazao hupungua. Mkulima hulazimika kununua mbegu upya kila mwaka, na mbolea juu yake. Mwenye mamia ya ekari aliweza kumudu. Mwenye ekari moja hufikiwa na mvua za Machi akiwa hana akiba, kwani karo na chakula vimeimaliza.

Shirika la One Acre Fund lilipoanza kazi Bungoma mwaka wa 2006, halikubuni mbegu nyingine. Lilijiuliza ni nini kinachomzuia mkulima kuitumia iliyopo. Jibu lilizaa huduma yenye sehemu kadhaa: mbegu na mbolea kwa mkopo, kufikishwa karibu na kijiji kabla ya kupanda, mafunzo ya vipimo na nafasi, na malipo ya kidogo kidogo. Ikikosekana sehemu moja, zilizosalia hupoteza maana.

Mpango huo una gharama zake. Mkopo hubaki kuwa deni hata mvua ikikosekana, na mbunifu asiyelipima jambo hilo humtwika mkulima hatari yote.

Kuna sehemu nyingine isiyoonekana, nayo ni imani. Mwaka wa 2024 ilipofichuka kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeuzwa kupitia mpango wa ruzuku ya serikali, bei nafuu haikuwa na faida tena kwa aliyekwisha kuipanda.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Serikali za kaunti na kampuni zinazobuni huduma kwa wakulima zina swali moja la kujibu kabla ya kuchora chochote: siku ya kupanda, mwenye ekari moja atakuwa na nini mkononi?