Filamu ya Uraibu Isianzie Kwenye Sindano

MARA kwa mara hutolewa rai kwamba wasanii wetu watengeneze filamu itakayoonyesha uraibu wa dawa za kulevya kwa vijana kama ulivyo, bila kupaka rangi. Rai hiyo ni njema. Lakini kabla ya kamera kuwashwa, hatuna budi kujiuliza swali moja: kama ulivyo wapi, na machoni mwa nani?

Teja wa filamu zetu tunamjua sote. Yupo kijiweni Dar es Salaam, nguo zimemchakaa, anasinzia akiwa amesimama, na watazamaji wanacheka. Mzazi wa Mwese, katika nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, akimwona teja huyo humshukuru Mungu kwamba balaa hilo ni la mjini. Hurudi nyumbani na amani yake, na huenda saa hiyo hiyo mwanawe wa miaka 15 yupo nyuma ya ghala la mahindi, akipokezana msokoto wa bangi na wenzake. Filamu imeonyesha jambo la kweli, na bado imemdanganya mzazi huyo.

Wajerumani walilijaribu jambo hili zamani. Mwaka 1981 mwongozaji Uli Edel alitoa filamu iitwayo Christiane F., iliyotokana na kitabu cha mwaka 1978 juu ya maisha ya kweli ya msichana wa Berlin Magharibi aliyeanza heroini akiwa na miaka 13. Sindano imo, na inatisha. Hata hivyo, nguvu ya filamu ile imo katika hatua zilizotangulia: upweke wa nyumbani, disko, marafiki, vidonge, kisha heroini ya "mara moja tu", na mwisho kuuza mwili. Lakini wapo vijana waliovutiwa na mavazi na muziki wake badala ya kuogopa. Naye Christiane mwenyewe, ambaye filamu ilimwacha akiwa amepona, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2013 jinsi alivyorudi kwenye uraibu tena na tena.

Hapo tuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ukweli una adabu yake. Kijana aonyeshwe maumivu ya arosto, aibu ya kumwibia mama yake, na usiku wa baba anayemtafuta mwanawe kwa tochi. Asionyeshwe namna ya kuandaa dawa, bei ya kete, wala mahali zinapouzwa. Filamu inayofundisha hayo ni darasa la uraibu.

La pili ni kwamba mtu haingii kwenye uraibu kwa siku moja, wala hatoki kwa siku moja. Sisi Waislamu tunaujua utaratibu huu. Suratul-Baqara aya ya 219 ilitanabahisha kwanza kwamba madhara ya kileo yanazidi manufaa yake. Suratun-Nisaa aya ya 43 ikakataza kuikaribia Sala katika hali ya ulevi. Ndipo Suratul-Maida aya ya 90 ikakata shauri. Aliyemuumba mwanadamu alijua kwamba mazoea hung'olewa hatua kwa hatua. Filamu itakayomponya kijana kwa usiku mmoja, au itakayomwua dakika ya mwisho ili sisi tupate funzo, itakuwa haijamtazama mwanadamu.

Tiba nayo ielezwe sawasawa. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, huduma hiyo imefika katika mikoa mingine. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haimtibu mvuta bangi wala mnywaji wa gongo. Hao huhitaji ushauri nasaha, uangalizi na subira ndefu. Zanzibar zipo nyumba za upataji nafuu, ambamo waliokwisha kuacha huwashika mkono wanaotaka kuacha. Mtunzi asiyeyajua haya atamwahidi mama wa Mwese dawa isiyomhusu mwanawe.

Basi filamu hiyo ianzie wapi? Ianzie kwenye ukimya wa nyumba. Kabla Serikali haijapiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017, kileo kilitoshea mfuko wa kaptura ya shule, nasi wazazi tulikuwepo tukiona. Hata leo kijana akianza kubadilika, majirani huambiwa ana malaria. Shuleni huambiwa amekwenda kumwuguza bibi. Ikishindikana, husemwa amerogwa, na mbuzi huuzwa ili mganga alipwe. Miezi hupita, na ugonjwa haujapata kutajwa kwa jina lake.

Mwongozaji atakayeionyesha miezi hiyo, katika nyumba ya udongo, kwa lugha ya mama anayetafuta maneno ya kumwuliza mwanawe, atakuwa ametengeneza filamu ya kweli. Mzazi wa Mwese akiitazama hatacheka wala hatashukuru kwamba yako mbali. Atanyanyuka kabla haijaisha, aende nyumbani kumtazama mwanawe machoni na kumwuliza. Mwenyezi Mungu awape wasanii wetu ujasiri huo, na atupe sisi wazazi ujasiri wa kuuliza hata kabla filamu hiyo haijatoka.