Msanii anayejitolea apimwe kwa majirani zake

Familia nyingi za Fizi, Baraka na Uvira zina mtu wao Malawi. Ni shangazi, ni kijana aliyeondoka wakati wa vita na hajarudi, ni mwalimu wa zamani anayepiga simu siku ya Pasaka tu. Mara nyingi mtu huyo yuko Dzaleka, kambi iliyo wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka mji mkuu Lilongwe.

Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kiapo cha mfungwa kwamba hatarudia tena. Ilipangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000. Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali. Kwenye bomba la maji na sokoni Kiswahili kinasikika kama kinavyosikika Baraka.

Ndipo mshairi na mwanarap kutoka Lubumbashi, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la Menes la Plume, alipoanzisha tamasha la Tumaini mwaka 2014. Alikuwa mkimbizi kama wengine, aliyefika Malawi mwaka 2008. Tamasha hilo halina kiingilio. Wasanii wa Malawi na wa nchi nyingine hupanda jukwaani bila kudai malipo, pamoja na wapiga ngoma wa Kirundi na wanamuziki wa Kikongo wanaoishi kambini humo. Vyombo vya habari hupenda siku hizo. Kuna rangi, kuna vumbi, watoto wanacheza, picha zinapatikana kwa urahisi.

Lakini siku ya tamasha si ndiyo inayoonyesha kazi ya msanii anayejitolea. Inaonyeshwa na Jumanne ya kawaida, wakati hakuna kamera.

Jumanne hiyo msanii mkimbizi anaamka mapema, kwa sababu foleni ya bidoni haimsubiri mtu, hata kama jana alipigiwa makofi. Malawi ilikubali mkataba wa kimataifa wa wakimbizi, lakini iliweka masharti yake juu ya kazi na mwendo wa wakimbizi. Basi msanii hawezi tu kuamka na kwenda Lilongwe kutafuta ajira kama mwenyeji. Kazi yake kubwa anaifanya bure: kufundisha vijana kuandika mashairi, kuwapanga wachezaji, kupatanisha kwaya mbili zinazogombania ukumbi mmoja. Mchana anakula nsima ya mahindi, akikumbuka bugali ya muhogo, na pembeni usipa, samaki wadogo ambao mtu wa Uvira angewaita ndagala bila kuuliza. Jioni jirani Mrundi anakuja kuazima makala. Kesho yeye ndiye atakayeazima chumvi.

Huyo, kwa haki kabisa, ni mtu wa kujitolea nje ya nchi yake. Lakini ni nani anayemwita hivyo? Jina la kujitolea limewekwa kwa kijana anayetoka Ulaya au Marekani kwa miezi mitatu, mwenye bima, tiketi ya kurudi na barua ya sifa atakayopewa mwishoni. Mkimbizi akifanya kazi hiyohiyo miaka kumi, anaitwa mnufaika. Hilo si kosa dogo la maneno. Aliyeitwa mnufaika haulizwi ushauri, na bajeti inapogawanywa yeye haonekani.

Wako mama wanaosema kwamba wimbo hauingii chunguni. Wana haki ya kusema hivyo, hasa baada ya msaada wa chakula kukatwa mara kwa mara. Mtu mwenye njaa asihubiriwe sanaa. Lakini waandaaji wa Tumaini walilijibu jambo hilo kwa njia ambayo wengi wangeweza kuiga. Walianzisha utaratibu wa wageni kulala nyumbani kwa familia za wakimbizi. Mmalawi wa Lilongwe au Blantyre, au mgeni wa mbali zaidi, analipa kiasi fulani, familia inapata pesa, na mgeni anapewa kitanda, maji ya kuoga na chakula cha usiku. Kwa siku hizo mkimbizi ndiye mwenye nyumba, na mgeni ndiye anayeuliza choo kiko wapi.

Hapo ndipo urafiki unapoanza kuwa wa kweli, kwa sababu mtu amemwona mwenzake akiokota kuni na akimgombeza mtoto. Aliyekula sombe ya mama fulani hawezi kirahisi kuamini anapoambiwa redioni au mtaani kwamba wakimbizi wote ni wezi.

Hata hivyo urafiki huo hauko sawa pande zote, na kuficha hilo ni kudanganyana. Mmoja anaondoka Jumatatu kwa basi, mwingine anabaki. Mwaka 2023 ukweli huo ulionekana wazi. Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Kuanzia mwezi wa Mei polisi na askari waliwakamata watu majumbani na madukani, watoto wakiwemo, na wengine walipitishwa gerezani kabla ya kufikishwa kambini. Watu waliokuwa wamejenga maisha kwa miaka mingi walishuka kwenye malori bila mahali pa kulala.

Basi swali ni kwa kila aliyewahi kucheza ngoma Dzaleka. Siku ile, alimpigia simu nani? Alimtafuta mwenyeji wake kujua kama duka lake limefungwa? Msanii mwenye jina kubwa ana kipaza sauti ambacho mama muuza nyanya hana. Kama alikitumia kwa nyimbo tu, na siku ya lori akanyamaza, basi alikuja kama mtalii.

Swali hilo linafaa kuulizwa pia katika kambi na vijiji vya wahami wa Kivu Kusini na Kaskazini. Wageni wa sanaa wanafika huko. Wanachora watoto usoni, wanapiga picha, wanafundisha wimbo mmoja, wanaondoka kabla ya mvua. Hawana nia mbaya. Lakini kamati za wahami zina desturi ya kumpokea kila mgeni kwa makofi, hata kabla hajasema atakaa siku ngapi, kana kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Kuuliza si kukosa adabu. Mtu anayekuja kuishi na watu anajua kwamba ataulizwa analala kwa nani.

Na pale kambini kwenyewe kwa kawaida yuko tayari kijana anayewafundisha wenzake gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita, au mama anayeongoza kwaya kila jioni bila senti. Mgeni angeanzia kwa huyo. Amkalishe mbele, aulize anakosa nini, amfuate kwa majirani zake kusalimia nyumba kwa nyumba. Pengine atasikia kwamba hakuna anayehitaji ukuta mpya wa michoro. Kinachokosekana ni nyuzi mbili za gitaa, na mtu wa kukaa na watoto wa yule mama wakati wa mazoezi.