Jina Linalonyima Ujira: Neno juu ya Michezo ya Marekani



Naomba nafasi katika jarida letu nipate kusema neno ambalo limenikaa moyoni siku nyingi. Mimi ni mpenzi wa michezo ya Marekani, ya vyuo na ya wachezaji wa mshahara. Najua wako wanachama watakaouliza: Karani wa huku ana shughuli gani na mpira wa huko? Nawajibu mapema. Suleiman Nyambui, aliyeipatia Tanzania nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, Texas. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 katika mwaka 1978, naye alikuwa mwanafunzi wa Washington State University. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alicheza mpira wa kikapu katika University of Connecticut kabla ya kuchukuliwa na timu ya mshahara mwaka 2009. Basi watoto wetu wamo. Tena jambo lenyewe ni la kazi na ujira, na hilo ndilo lililotukusanya katika chama hiki.

Sisi makarani twajua nguvu ya jina. Mtu akiandikwa "wa muda" aweza kukaa mezani miaka kumi, akaandika barua zile zile aandikazo mwenziwe mwenye cheo, asipate likizo wala pensheni. Kazi ni moja, jina tu ndilo mbalimbali.

Sasa sikilizeni habari ya jina "mwanafunzi-mchezaji". Mwaka 1955 kijana Ray Dennison, mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado, aliumia kichwa katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana vifua, akafa. Mjane wake akadai fidia ile wapewayo jamaa za mtu afaye kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo lile ikamnyima, maana chuo, walisema, hakikumwajiri mumewe kucheza mpira. Miaka ile ile Walter Byers, mkuu wa NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo, na wenzake walitunga jina hilo, wakaamuru litumike mahali pote, ili mtu asije akamwita mchezaji mwajiriwa. Wala habari hii haikutungwa na adui. Byers mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995, alipokwisha kustaafu.

Je, mchezo huo hauna fedha? La hasha! Mwaka 2010 NCAA ilifanya mapatano ya miaka 14 ya kuonyesha katika televisheni mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume, kwa dola milioni 10,800. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa serikali apataye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, ni mwalimu wa mpira wa chuo. Novemba 2023 Texas A&M walimwachisha kazi mwalimu wao wa mpira, na mkataba ukawalazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Nani kati yetu amepata kufukuzwa kwa heshima namna hiyo? Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Huko achumaye juani ni mmoja, na alaye kivulini ni mwingine.

Sikatai, mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliishinda NCAA kwa sauti tisa bila hata moja kupinga, na mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Juni 2025 mahakama ilikubali mapatano ya kuwalipa wachezaji wa nyuma karibu dola milioni 2,800, na kila chuo kikapata ruhusa ya kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Lakini kima hicho hakikuamuliwa mezani na chama cha wachezaji, maana chama hawana.

Basi kama ningepewa mamlaka siku moja, ningefanya mambo matatu.

Kwanza, jina lile lifutwe. Kila mchezaji anayekiletea chuo fedha aandikwe mwajiriwa, na akiumia atibiwe na kupewa fidia. Na kijana mgeni, ambaye leo masharti ya viza ya mwanafunzi humbana asipokee ujira kama wenzake, afunguliwe njia.

Pili, wachezaji wawe na chama chenye nguvu ya kupatana. Tazameni wenzao wa mshahara. Mwaka 1969 Curt Flood, aliyecheza besiboli St. Louis miaka 12, aliambiwa amehamishiwa Philadelphia, bila kuulizwa. Uhamisho wa namna hiyo twaujua! Alikataa, akashtaki, akashindwa mwaka 1972. Lakini chama cha wachezaji hakikulala, na mwisho wa mwaka 1975 kifungo kile kilivunjwa na mwamuzi. Machi 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuingia katika chama cha wafanyakazi. Chuo kilikataa kukaa nao mezani, na Desemba madai yao yakaondolewa. Flood naye alishindwa kwanza.

Tatu, jirani acheze na jirani. Tangu 2024 UCLA ya Los Angeles imo katika ligi moja na Rutgers ya New Jersey, pwani hata pwani, kwa ajili ya fedha za televisheni. Huyo mnayemwita mwanafunzi atasoma saa ngapi?

Wapinzani husema, "Wapewa elimu bure." Elimu ni jambo jema sana. Lakini miongoni mwetu wako wapewao nyumba na kazi. Je, hiyo ni sababu ya kukosa fidia wakiumia? Husema tena kwamba mpenzi atauchukia mchezo wa kulipwa. Mimi ni mpenzi, nawatazama wenye mshahara kila mara, na sijauchukia.

Wazee wenzangu, mtoto wako akiletewa barua ya chuo cha mbali kwa ajili ya miguu yake, furahi, kisha soma karatasi yote hata chini. Uliza swali hili moja: Akivunjika, nani atalipa? Nao wakikujibu kwa jina tu, rudisha kalamu mfukoni.

Ni mimi,
Mpenda Mchezo na Haki