Mikono ya saluni, jamani!

Wiki hii wanaume siwasemi, pumzikeni.

Nawageukia akina dada wa saluni. Mteja anatoka zake Kinondoni Mkwajuni nywele zinang'aa, anatembea kwa madaha, wala hana habari na vidole vilivyomtengeneza. Vitazame siku moja: katikati pamechubuka, ngozi imepasuka kama tope la kiangazi. Wenyewe wanasema fangasi. Mmoja wa Temeke aliniapia karogwa na saluni ya jirani!

Shoga, hujarogwa, ni kazi. Asubuhi shampuu. Mchana dawa ya nywele, na zile kali zina kostiki soda ileile wanayotengenezea sabuni. Unaosha tena, joto la draya linakausha, jioni unafua mataulo kwa sabuni ya unga. Kimoja kimoja ngozi ingejikongoja. Vikiungana ndio kasheshe: sabuni inakomba mafuta ya ngozi, mlango unabaki wazi, kemikali inayofuata inaingia bila hodi.

Mwaka 2000 watafiti wa Ulaya walichapisha jaribio lao. Waliwapaka watu ngozini kemikali ya sabuni inayotoa povu, pamoja na tolueni, ile ya kwenye tina za rangi. Viwili kwa pamoja viliumiza kuliko kimoja kupakwa mara mbili kwa siku. Mafundi gereji mnaonawa petroli halafu sabuni ya unga, mnasikia?

Glovu nazo, bosi atakwambia zinakula faida. Mwambie Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka yeye atoe vifaa vya kujikinga. Ila usishinde nazo kutwa, jasho la ndani nalo linalainisha ngozi. Kausha mikono kwanza ndipo uvae, na ukimaliza kazi paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Mkorogo kaa nao mbali kabisa.

Ukishika rangi nyeusi ya nywele ukavimba uso, hiyo kesi nyingine, ni mzio, wahi hospitali.

Kujua kama ni kazi, angalia likizo. Dada mmoja wa Tandika alikwenda msibani Tanga wiki mbili, mikono ikarudi laini. Kashika shampuu siku nne tu, mipasuko hiyo! Sasa anataka kumfuata mganga wa Tanga.