Biharusi na Kilo Mbili za Jumatatu



Msimu wa harusi umeingia. Kila mwaka ikifika Shaaban, na tena Mfunguo Mosi, simu zetu hujaa kadi za mwaliko, picha za hina na sauti za vigelegele. Safari hii kuna kitu kipya: picha za mizani. Sisi wa visiwani tuna ndugu chungu nzima ng'ambo ya mkondo wa Pemba, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani na Mkinga, na malalamiko ya mabiharusi wa kule yamekuwa mamoja. "Nimefanya mazoezi mpaka siwezi kukaa chini, halafu nimepanda kilo mbili. Nimekosea wapi?"

Hukukosea popote, mwenzetu. Hayo ni maji. Tungeweza kuishia hapo tukanyamaza, lakini wiki zilizopita tumeona maji hayo yakimlaza msichana wa watu kitandani, kwa hivyo leo tunasema kwa urefu.

Kisa chenyewe tunakieleza kwa ruhusa yake, bila jina. Ni binti wa Ngamiani, amebakisha wiki sita aolewe. Gauni la walima limeshashonwa na linambana kiunoni. Akaanza vizuri: baada ya sala ya alfajiri anatoka na mashoga zake wawili, wanatembea mpaka Raskazone na kurudi kabla jua halijakolea. Mazoezi mema hayo. Kisha akaambiwa kutembea hakutoshi, akajiunga na darasa la wanawake la kuruka kamba na kuchuchumaa na mawe mikononi. Jumamosi moja ya kaskazi, joto la Tanga mnalijua, wakapigishwa saa moja na nusu. Walipomaliza, mwalimu akawapanga mstari mbele ya mizani. Binti yetu akaonekana amepungua kilo moja na nusu. Picha ikapigwa, ikasambazwa, makofi.

Jumapili alikuwa kwa shangazi yake: wali wa nazi, mchuzi wa papa mkavu, achari ya ndimu. Jumatatu asubuhi hawezi kushuka ngazi kwa maumivu ya mapaja. Akapanda mizani. Amezidi kilo mbili kuliko Jumamosi. Akalia. Shoga mmoja akamshauri ajifunge nailoni tumboni na kuvaa koti zito akifanya mazoezi, mwengine akamletea vidonge vya kukojosha, na maji akapunguza mwenyewe. Siku ya tatu, fundi anamchukua vipimo, akaanguka. Hospitalini alitundikiwa dripu, na kilo zote alizozifukuza kwa mateso zikamrudia kwa chupa. Alhamdulillah, ni mzima. Lakini tumejiuliza: nani amemfundisha binti huyu kuogopa maji?

Tuanze na ile kilo moja na nusu ya Jumamosi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu anayefanya mazoezi makali kwenye joto na unyevu wa pwani anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa, na wengine hupita hapo. Kwa hiyo kilo iliyoonekana kuondoka ilikuwa kwenye fulana yake, imelowa. Mafuta hayatoki kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Mwanamke wa kilo 70 akikimbia saa nzima kwa mwendo wa kiasi huchoma kama kalori 500 hadi 600. Ili kilo moja na nusu iwe ya mafuta, binti yetu angehitaji kukimbia karibu saa ishirini bila kusimama. Kutoka Ngamiani mpaka Raskazone ni pafupi mno kwa kazi hiyo!

Sasa zile kilo mbili za Jumatatu. Hesabu ni ile ile, ukiigeuza. Kunenepa kilo moja ya mafuta kwa siku moja kunataka ule kalori 7,700 juu ya mahitaji yako ya kawaida. Hizo ni kama kilo sita za wali mweupe uliopikwa, baada ya kuwa umeshashiba chakula chako cha siku. Shangazi wa Tanga ni mkarimu, lakini hakuna shangazi mkarimu kiasi hicho.

Basi uzito umetoka wapi? Kwanza, misuli. Mazoezi mageni na makali huichanachana misuli kidogo kidogo, na mwili hupeleka maji mahali hapo kuitengeneza. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake na kukolea siku ya pili au ya tatu, na mapaja yakawa magumu na yamejaa. Pili, sukari ya akiba, ile wanayoiita glaikojeni. Misuli na ini huweka akiba yake hapo, kama nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu moja hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukifanya mazoezi unaitumia, maji yanaondoka nayo. Ukila wali, akiba inajazwa na maji yanarudi. Hapo peke yake unaweza kuona zaidi ya kilo ikienda na kurudi. Tatu, chumvi. Papa mkavu na achari ni chumvi tupu, na chumvi hushika maji. Nne, mwili uliokaushwa kwa jasho hujilinda: figo hubana maji na chumvi, na katika siku za mwanzo za mazoezi kwenye joto, damu yenyewe huongezeka maji. Na ukiwa umekaribia siku zako za hedhi, wengi wetu tunajua kilo moja au mbili huja kama mgeni na kuondoka bila kuaga.

Yote hayo ni dalili kwamba maungo yanafanya kazi aliyoyaumbia Mola. Binti yetu aliadhibu mwili wake kwa kuwa unapona.

Na adhabu hiyo ni ya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1997, nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki ndani ya wiki chache tu. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliokuwa wakijikausha ili mizani iwakubali: mavazi ya mpira, vyumba vya joto, mazoezi bila kunywa maji. Baada ya misiba hiyo, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule kilipiga marufuku mavazi ya aina hiyo na vyumba vya mvuke kwa ajili ya kupunguza uzito. Nailoni ya jikoni tunayojifunga tumboni inafanya kazi ile ile. Inazuia jasho lisikauke, mwili ushindwe kupoa, joto lipande ndani. Vidonge vya kukojosha ni dawa ya wagonjwa wa moyo, figo na presha, hupewa kwa kipimo na daktari, kwa sababu hutoa maji pamoja na madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Sanamaki na dawa nyengine za kuharisha nazo hutoa choo na maji, mafuta yako hayazijui kabisa. Ukishakunywa maji, kila kitu kinarudi. Umejiumiza bure.

Tuseme na la dini, maana hapa ndipo moyo wetu ulipo. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa amezidisha funga na kisimamo cha usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka mwili usidhulumiwe, gauni litapata wapi ruhusa?

Na tumtazame mama yetu Bibi Aisha (r.a.). Katika Sunan ya Abu Dawud anasimulia mwenyewe kwamba mama yake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa nyumbani kwa Mtume. Wakajaribu vitu, havikufaa, mpaka akalishwa matango pamoja na tende mbichi, akanenepa vizuri. Katika kitabu hicho hicho anasimulia walivyoshindana mbio yeye na Mtume katika safari. Mara ya kwanza Aisha alimshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa utani kwamba hii ni kwa ile ya mwanzo. Hebu tafakarini, dada zetu. Biharusi yule alinenepeshwa, alikimbia, aliongezeka uzito, na ametusimulia mwenyewe bila ya haya wala majuto. Mumewe aliendelea kucheza naye mbio.

Bibi zetu walilijua hili kwa njia yao. Mwari akiwekwa ndani alipakwa singo na liwa, akafukizwa udi, akalishwa na kupumzishwa, somo yupo pembeni. Siku zile zilikuwa za kumwandaa atoke na siha na mng'ao. Leo tunamtoa ndani, tunamkausha, kisha tunamlipa mpambaji azibe macho yaliyoingia ndani.

Hatusemi mazoezi yaachwe. Tunayapenda, na sukari na presha zimeingia katika kila nyumba ya pwani, kwa hiyo mwanamke anayepunguza uzito kwa ajili ya afya yake anafanya jambo la kheri. Wala hatusemi mizani ni adui. Tunasema ya kwamba mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mifupa, maji, chakula cha jana, hata mawazo yako ya leo yangekuwa na uzito ingeyapima. Haiwezi kukwambia kipi ni kipi. Mwalimu anayewapima wanawake dakika tano baada ya jasho na kupiga picha anawauzia maji yao wenyewe. Tunamwomba aache. Mashoga wanaopeana vidonge vya duka la dawa kama wanaopeana pipi, tunawaomba waache. Na shangazi anayemtazama biharusi juu mpaka chini na kusema "mbona bado?", naye tunamwomba, kwa heshima zote, atafute maneno mengine ya kumpokelea mtoto wa watu.

Kwa wanaotaka kupungua kwa haki, haya ndiyo tunayoyaona yana faida. Anza mapema, miezi kabla ya harusi, na ongeza mazoezi polepole badala ya kujitwika yote kwa wiki moja. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa nguo nyepesi, mizani ile ile, juu ya sakafu ngumu na siyo juu ya mkeka au zulia. Yule kijana wa mizani pale stendi muache apite, kwani jana ulipima kwa ile ya duka la dawa na juzi kwa ya jirani. Usipime siku tatu baada ya mazoezi makali. Linganisha mwezi na mwezi. Tepu ya fundi cherehani kiunoni ina habari za kweli zaidi kwa biharusi, maana gauni halijui kilo. Kunywa maji kila ukihisi kiu, na baada ya jasho jingi dafu linafaa sana. Wiki mbili za mwisho, mpe somo yako mizani aifungie kabatini. Gauni likibana, fundi alegeze mshono. Ni kazi ya saa moja.

Na tahadhari moja isiyo ya mzaha. Maumivu ya kawaida ya mazoezi hupungua yenyewe siku baada ya siku. Lakini misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, ukaishiwa nguvu, na mkojo ukawa rangi ya kahawa au chai ya rangi, hiyo ni misuli inayobomoka na inaweza kuua figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo uzito ukipanda ghafla pamoja na miguu kuvimba na pumzi kukata, au ukiwa mjamzito na uso na mikono vimevimba huku kichwa kinauma sana. Hapo usimuulize shoga, muulize daktari.

Binti yetu wa Ngamiani amerudia matembezi yake ya alfajiri. Fundi amelegeza gauni. Juzi tulipozungumza naye alikuwa anacheka, anasema mume mtarajiwa amemtumia ujumbe kwamba katika masharti ya ndoa ameona mahari, mashahidi na walii, ila kilo hakuziona.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabiharusi wetu wa Tanga, wa Pangani na wa visiwani ndoa zenye sakina, mapenzi na huruma, na maungo yenye afya ya kuzibeba ndoa hizo miaka mingi. Amin.