KANGA ZA MAREHEMU MAMA: KABLA HUJASHIKA MKASI



Kuna dada ameniandikia. Mama yake amefariki, na watu wa nyumbani wanataka kugawa nguo zote. Yeye anatamani abaki na kanga chache ashone mito ya sebuleni, na kipande kimoja akitie kwenye fremu kiwe ukumbusho kwa watoto. Shangazi zake wamemwambia nguo za maiti zikikaa ndani zinaleta mkosi. Kijana mmoja wa mtaani kwao amemwambia ni bidaa. Anauliza, yeye ashike lipi?

Nitamjibu, lakini jibu langu ni refu, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe. Kaa usome.

Tuanze na mkosi, nao tuumalize haraka. Nguo haina mkosi. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kuamini nuksi za namna hiyo, na mwili wa Muislamu ni tohara akiwa hai na akiwa maiti, seuze kanga yake. Ifue kwa sababu ya usafi tu, kama unavyofua nguo yoyote iliyokaa sandukuni.

Kuhusu huo ukumbusho, nenda kasome habari za watu waliokuwa bora kuliko mimi na wewe. Bi Aisha (r.a.) alikuwa na shuka nzito ya kiunoni na joho lililotiwa viraka, akiwatolea watu na kuwaambia kwamba Mtume alifariki akiwa amevaa hizi mbili. Juba la Mtume lilikaa kwa Bi Aisha mpaka alipofariki, kisha likachukuliwa na dada yake, Bi Asmaa. Habari hizi zimo katika vitabu sahihi. Najua utaniambia huyo ni Mtume na nguo yake ina baraka ambayo ya mama yako haina. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nakukanya usimlaze mtoto mgonjwa juu ya mto wa bibi yake ukitaraji umponye. Lakini kuweka nguo ili umkumbuke aliyeivaa, umuombee dua, na watoto wajue bibi yao alipenda rangi gani, hilo ni jambo la kawaida la wanadamu. Anayeliita bidaa hajui bidaa ni nini.

Na huko kukata kitambaa cha zamani kukifanya mto ni kazi iliyofanyika ndani ya nyumba ya Mtume mwenyewe. Bi Aisha alitundika pazia lenye picha. Mtume aliporudi safarini akaliona, hakupendezwa, akalichana. Bi Aisha anasimulia kwamba kile kitambaa hawakukitupa, walikikata wakakifanya mto mmoja au miwili. Soma tena hapo. Kitambaa kile kile kilichokuwa kosa ukutani kikapata kazi nyingine kwenye kikao. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamechukua humo kwamba picha ya kiumbe chenye roho ikiwa kwenye kitu cha kukaliwa au kuegemewa, jambo lake ni jepesi kuliko ikiwa imetundikwa. Kwa hiyo, dada yangu, ile kanga ya mama yako yenye tausi, au ile yenye sura ya kiongozi, ifanye mto. Usiitundike kwenye fremu. Ya maua, ya korosho na ya madoa, fanya upendavyo.

Maandishi ndiyo kinyume chake. Kanga zetu zinasema, na nyingi zinamtaja Mwenyezi Mungu. Zile za wazee wa zamani kabisa zilikuwa na jina kwa herufi za Kiarabu. Kipande chenye jina la Allah usikifanye kitu cha kukaliwa. Kikate pembeni, kikunje vizuri, kiweke mahali pa heshima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huyo dada hakuniuliza, wala shangazi zake hawakulitaja, wala yule kijana wa bidaa hakulikumbuka. Kanga hizo ni za nani?

Nitakwambia yaliyonikuta mimi. Mama yangu alipofariki aliacha nyumba, minazi kidogo na sanduku. Nyumba na minazi tulivishughulikia vizuri, tukamwita shekhe mwingine asimamie ili nisiwe hakimu wa kesi yangu mwenyewe. Sanduku likabaki chumbani kwangu. Ndani yake mlikuwa na doti kumi na nne za kanga, foronya nne alizozidarizi kwa mkono wake kabla hajaolewa, na shuka mbili. Hakuna aliyesema lolote. Ni nguo tu, sisi ni ndugu, tutagawana siku moja. Miezi saba baadaye kaka yangu naye akatangulia mbele ya haki, akaacha mke na watoto watatu, wote wadogo.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza amejua cherehani. Idi ile akaniomba ruhusa afungue sanduku la bibi yake, nikamruhusu. Siku ya Idi nikarudi msikitini nikakuta mito sita kwenye makochi. Wallahi nilikaa chini nikalia. Ile kanga nyekundu ya mama ya kwendea harusini, ile ya kahawia aliyokuwa akijifunga jikoni mpaka ikalainika kama ngozi ya mtoto, zote zilikuwa pale. Nikamuombea dua binti yangu mbele ya wageni.

Jioni akaja shemeji yangu, mjane wa kaka, na watoto wake. Akakaa. Akashika mto mmoja, akaupapasa, akaugeuza. Akasema taratibu, "Shemeji, mama alikuwa akiwabebea wanangu kanga hii." Basi. Hakusema jingine. Akanywa chai akaondoka.

Na mimi wiki mbili nyuma nilikuwa juu ya mimbari nikiwatisha watu kuhusu mali ya yatima!

Hebu tuhesabu. Mama aliacha wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Hayo ni mafungu saba, mawili mawili kwa wanaume na moja moja kwa wanawake. Sanduku lile halikuwahi kugawiwa, kwa hiyo kaka yangu alikufa akiwa na mafungu yake mawili humo ndani. Mafungu yale yakahamia kwa warithi wake: mkewe thumni, na iliyobaki ni ya wanawe. Maana yake mimi, imamu wa watu, nilikuwa nimeegemea mali ya yatima nikila biriani. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 7, amesema kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kiwe kingi. Hakusema nyumba na mashamba. Hicho kidogo ndiyo kanga. Hicho kidogo ndiyo foronya, cherehani, sufuria, kijiko.

Watu wa pwani hapa tunakosea sana. Siku ya tatu, ya saba au ya arobaini watu wanafungua kabati la marehemu wanagawa: hii mpe aliyemuosha, hii mpe jirani, hii nachukua mimi. Tunaita sadaka. Sadaka ya mali ya nani? Kwanza ni gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha ndiyo warithi. Wakigawiwa, mwenye fungu lake na atoe sadaka akitaka. Warithi wote wakiwa watu wazima wenye akili na wakaridhia kwa ndimi zao, hamna neno, gaweni siku hiyo hiyo. Lakini akiwemo mtoto mmoja mdogo, ridhaa yake haipo, na mama yake hana haki ya kusamehe kwa niaba yake. Shemeji yangu angeniambia "nimesamehe shemeji", angekuwa amesamehe thumni yake tu.

Na lile neno tunalolisikia kila msibani: "Mama alisema kanga hii ni yangu." Alisema lini? Kama alikupa mkononi akiwa mzima na wewe ukaipokea, hiyo ni hiba, ni yako, na Mungu akubariki nayo. Kama aliisema iwe yako akishakufa, huo ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzako waridhie. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa amemzawadia binti yake Bi Aisha mavuno ya tende ya wasaki ishirini. Bi Aisha hakuwahi kuyachuma. Abubakar alipokuwa kitandani akikaribia kufa, akamwambia kwamba kama ungeyachuma yangekuwa yako, lakini leo hii ni mali ya warithi. Baba na binti, na binti mwenyewe ni Aisha! Kwa hiyo wewe mama unayesoma hapa, kama kuna kanga unataka mjukuu wako aipate, kesho asubuhi mwite umkabidhi.

Tulifanyaje sisi? Niliwaita dada zangu na shemeji, tukafungua sanduku. Tukamwita mama mmoja muuza kanga atukadirie. Nyingine alisema hazina bei, zimechakaa, nyingine alizishangaa kwa sababu haziko tena madukani. Thamani yote kwa bei ya sokoni haikufika mbuzi mmoja. Ndiyo ninachotaka ukione, tulitaka kuharibu undugu na kubeba mzigo wa yatima kwa kitu kisichofika mbuzi. Zile nilizozikata nililipa thamani yake, kila mtu fungu lake, dada zangu wakacheka wakanirudishia, fungu la watoto likaenda kwao. Kisha kila mmoja akachagua nzima katika zilizobaki. Dada yangu mkubwa alinisema, na haki yake, "Ungeuliza tu, tungekupa zote." Ningeuliza tu.

Haya, ukishauliza, shona. Nimejifunza kwa binti yangu na nakupa bure. Inua kanga dirishani uitazame kwa mwanga kabla ya kuipima. Ilipokuwa ikipigwa fundo na kukaliwa utaona uzi umepungua, hapo pakwepe. Ifue kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, usiikamue kwa nguvu, uianike kivulini. Kanga ya zamani peke yake haivumilii kuegemewa, itachanika kwenye mshono, kwa hiyo kwanza iwekee bitana ya marikani au ya shuka kuukuu iliyo imara, uzishone pamoja kama kitambaa kimoja. Mto wa sufi una raha yake, lakini sufi haifuliki. Itie kwenye mfuko wake wa ndani, na kanga iwe foronya ya juu yenye vifungo au zipu, uivue uifue. Foronya zilizodariziwa usizikate kabisa. Zivishe kwenye mto kama zilivyo, au zitandike mezani. Na doti ina kanga mbili. Kata moja, ya pili iache nzima, kwa sababu kesho anaweza kutokea mjukuu anayetaka kujifunga kanga ya bibi, na mto hajifungi mtu.

Jina la kanga ni refu kuliko mto, lipime mapema. Binti yangu hakupima. Kanga iliyosema HAKUNA KAMA MAMA ikatoa mito miwili, mmoja umeandikwa HAKUNA na mwingine KAMA MAMA. Wageni wakikaa kwenye ule wa kwanza wananiuliza, "Shekhe, hakuna nini? Chai?"

Jambo langu la mwisho kwa dada aliyeniuliza, nalo ni rai yangu, si fatwa. Usiziweke zote. Abubakar huyo huyo aliagiza akafiwe katika nguo yake kuukuu, akisema kwamba aliye hai ana haja zaidi ya nguo mpya kuliko maiti. Wodi ya wazazi kila usiku kuna mwanamke anajifungua hana kanga ya kumfunika mtoto. Zilizo imara, ninyi warithi mkiridhia, zipeni wanaozihitaji na mnuie thawabu zimfikie mama. Zilizochakaa, ambazo hakuna masikini atakayezivaa, hizo ndizo za mito. Mimi naona kanga iliyochakaa ndiyo yenye mama zaidi, kwa sababu ndiyo aliyoivaa. Ile mpya ya sandukuni hata hakuijua vizuri.

Idi iliyofuata watoto wa kaka walikuja, nikawaambia kila mmoja achague mto, ni wao. Mdogo wao, yule aliyebebwa na bibi, akazunguka makochi yote mara mbili akachukua KAMA MAMA. Mimi nimebaki na HAKUNA, na ndio ninaouegemea sasa hivi ninapowaandikia.

Wallahu a'lam. Wenye maswali ya mirathi njooni baada ya Isha, na mje na orodha ya vilivyo ndani ya nyumba, vijiko pamoja.