Kwa nini nesi alikataa kuifungulia dripu ikimbie?



Wiki hii nina ujumbe wa mama mmoja wa Makambako. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali usiku, akawa anahema haraka haraka, mikono na miguu ya baridi. Bibi akasema hiyo ni baridi yetu tu, mfunikeni vizuri. Alfajiri mtoto akawa amelegea, wakapanda naye bodaboda. Hospitali wakampima, wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni na dripu iliyokuwa ikidondoka tone moja moja.

“Kila nilipomwomba nesi aifungulie ikimbie alikataa,” ameandika. “Mtoto amepona, namshukuru Mungu, lakini moyoni bado nina kinyongo. Kwa nini walimbania maji?”

Nilimpigia, tukaongea, na kwa ruhusa yake najibu hapa, maana swali hili si lake peke yake. Huku kwetu dripu ina heshima yake. Mgonjwa akirudi nyumbani bila kuwekewa dripu, majirani wanauliza kama kweli alitibiwa. Na mimi nimo humo humo. Nimewahi kusimama wodini nikihesabu matone kwa hasira.

Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Mtoto ana homa kali, anahema kwa shida au fahamu zinapotea, miguu imepoa na mapigo ni dhaifu: damu haizunguki vizuri. Miongozo iliyotoka nchi tajiri ilisema mmiminie maji mengi ya mshipa upesi, ndani ya saa ya kwanza. Ukisikia hivyo unaona ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo sawasawa kwa watoto wengi wa huku kwetu, katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia.

Januari 2009 madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaanza kulipima. Utafiti uliitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, na miongoni mwa watafiti wenzake walikuwamo Sarah Kiguli wa Uganda na George Mtove wa Tanzania. Kwa upande wetu ulifanyika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto wa siku 60 hadi miaka 12 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi haraka, la pili maji yenye albumini, nayo haraka, na la tatu halikumiminiwa chochote. Mengine yote yalikuwa sawa kwa kila mtoto: antibiotiki, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa aliyeihitaji, na dripu ya kawaida ya polepole.

Hapa nikae kidogo. Mzazi aliyefika na mtoto anayepigania pumzi huwezi kumkalisha na kumsomea kurasa za fomu. Kwa hiyo ilipobidi, alielezwa kwa ufupi, akikubali kwa mdomo matibabu yanaanza, na maelezo kamili pamoja na saini vinafuata mambo yakitulia. Najiuliza ningejibu nini. Nadhani ningekubali chochote hata kabla hawajamaliza sentensi, na ndiyo maana palikuwa na kamati huru iliyokuwa ikizitazama takwimu kwa niaba ya wazazi kama mimi.

Januari 2011 kamati hiyo ikasema simamisheni. Walikuwa wamepanga watoto 3,600, na tayari 3,141 walikuwa wameingia. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka walifariki kama 10 au 11. Katika kundi lisilomiminiwa, walifariki 7. Watoto watatu zaidi katika kila mia, kwa tiba iliyodhaniwa kuwa mkombozi.

Jambo lililonishika zaidi ni hili: baada ya saa moja, waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu kwa wingi. Miguu ilipata joto, mapigo yakaimarika. Mama aliyekuwa pembeni ya kitanda angesema mnaona, nilisema mimi! Vifo vilikuja baadaye. Wengi walidhani ni mapafu kujaa maji, lakini uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, likawataka wahudumu wasikimbilie kumiminia maji watoto wa namna hii.

Lakini tafadhali usitoke hapa ukasema dripu ni mbaya. Mtoto anayeharisha na kutapika hadi macho yamedidimia ni habari nyingine kabisa. Watoto wa namna hiyo hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Huyo anahitaji maji: ORS uanze nyumbani na uendelee nayo njiani, na hospitali wakiona amekaukiwa sana watamwekea dripu ya haraka kwa haki yake. Ni mganga anayeamua baada ya kumpima, si mimi kwenye gazeti wala wewe kwenye benchi.

Sasa nirudi kwa bibi, kwa heshima zote. Baridi ya Njombe inaweza kweli kupoza mikono ya mtoto mzima wa afya. Ila miguu ikiwa ya baridi huku kifua kinaunguza, usiisingizie hali ya hewa. Na tabia yetu ya kumviringisha mtoto blanketi mbili, kumfunga mgongoni na kuongeza kitenge inaficha kitu ambacho ungepaswa kukiona, yaani kifua. Mfunue kidogo akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, ondoka naye. Ondoka hata bila kuhesabu kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Na jiko la mkaa lisiingie chumba alicholala, hata kama nje kuna umande wa kuganda.

Ukifika mapokezi usikae kimya kwenye foleni kwa adabu. Mwambie nesi wa kwanza unayemwona: “Huyu anahema vibaya,” au, “Amepata degedege njiani.” Ni haki yake kuangaliwa kabla ya waliotangulia.

Mama wa Makambako alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akasema Jumatatu ana kliniki ya mtoto, atapita wodini kumtafuta yule nesi. Viazi vyake ameshavichimba.